Mwanafunzi Mzima

Kaye yangu, daftari la hesabu, ndiyo iliyoingia motoni kwanza. Papa, baba yangu, aliishika kwa mkono wa kuume, wa kushoto ulikuwa umenishika mimi, na kabla ya kuiachilia alipangusa jalada kwa kidole gumba, kama mtu anayempangusa mtoto pua kabla ya kumpeleka mbele ya wageni. Ikaanguka. Plastiki ya jalada ikajikunja, ikafanya mapovu meusi, halafu kurasa zikaanza kufunguka zenyewe, moja, moja, utadhani kuna mtu ndani anatafuta somo lake. Niliona jumla zangu. Niliona wino mwekundu wa mwalimu wetu wa kike, "très bien", yaani vizuri sana, ukigeuka kahawia. Ikafuata kaye ya kusoma. Ikafuata buletini, ile karatasi ya maksi. Ya mwisho ilikuwa sketi ya buluu ambayo papa mwenyewe alinishonea, na hiyo ndiyo iliyotoa moshi mbaya. Tonton Dieudonné, mdogo wake papa, alikuwa na fimbo ndefu ya kusukumia, akasukuma. Mwalimu Anaclet, kiongozi wa kanisa letu, aliweka kiganja chake kizito juu ya kichwa changu, akawaambia watu, "Muangalie huyu mutoto. Huyu mutoto iko anatuonyesha njia."

Ilikuwa Jumapili, jua la utosi, nyuma ya kanisa la mabati mtaani kwetu Simi-Simi. Watu waliimba mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Na mimi nilikuwa ninacheka. Hilo ndilo linalonikaa kooni mpaka leo, mtu mzima mwenye wajukuu: katika watu wote waliozunguka ule moto, hakuna aliyefurahi kunizidi.

Bon, acha nirudi nyuma.

Kilichonikumbusha ni mbabula, jiko letu la makaa. Juma lililopita mjukuu wangu aliwasha makaa kwa kurasa za kaye yake ya zamani, na harufu ikanifuata mpaka uani, nilikokuwa ninamenya ndizi za kupika. Wenzangu wa umri wangu mnaijua harufu hiyo: karatasi, gundi kidogo, na kitu kitamu-tamu kama sukari iliyoungua sufuriani. Nikamfokea mtoto wa watu. Akamwangalia bibi yake kwa mshangao. "Koko, ilishajaa. Iko ya mwaka jana." Nikamwambia aendelee, hana kosa. Lakini ile ndizi niliyokuwa nayo mkononi ilikaa hapo mpaka ikawa nyeusi.

Siku zile tulikaa karibu na uwanja wa zamani wa ndege. Ndege zilikuwa chache na nyasi zilikuwa nyingi, na akina mama walianika muhogo pembeni ya lami kwa sababu lami ilitunza joto. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, baraza mbele, na kwenye baraza ilikuwa mashini ya papa ya kushonea. Papa alitoka Maniema akiwa kijana na hiyo mashini kichwani, ndivyo alivyopenda kuhadithia, ingawa mama alisema ilikuja ndani ya lori kama mashini za watu wengine wote. Mama alikuwa mtu wa mtoni, wa upande wa Yanonge, kaka zake wote wavuvi. Akikasirika alitukana kwa lugha ya kwao, akifurahi aliimba kwa Lingala, na Kiswahili alikitumia kumwambia papa mambo ya kazi.

Papa hakuingia masomo, yaani shule, hata siku moja. Vipimo vya wateja aliviweka kwa mafundo kwenye uzi, kila mteja na uzi wake, na nyuzi zote zilining'inia kwenye msumari mmoja. Hakuwahi kukosea. Kwa hiyo siku nilipomsomea neno lililoandikwa kwenye gunia la chumvi, alisimamisha mashini, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaita majirani, nikarudia. Tangu siku hiyo buletini yangu ilikaa kwenye mfuko wa shati lake, na akimpima mtu kifua aliitoa, "Soma hapa, mama, soma hapa chini, mwalimu ameandika nini?" Mama mmoja muuza majani ya muhogo alimjibu, "Papa, nimekuja kushonewa blauzi. Sikuja kusikia habari ya hesabu." Papa alicheka, akaikunja buletini, akairudisha mfukoni polepole kama inaweza kuvunjika.

Masomo yetu yalikuwa na zamu mbili kwa sababu vyumba vilikuwa vichache. Wengine walisoma asubuhi, sisi wa darasa la pili tulisoma mchana. Watoto wa asubuhi walipotoka walitukuta tumepanga mstari chini ya jua, na walituzomea, "Nusu-nusu! Wanafunzi wa nusu!" Sijui nani aliwafundisha. Waliamini kwamba masomo ya kweli ni ya asubuhi, na kwamba sisi tunapewa makombo. Na mimi niliamini hivyo hivyo. Asubuhi nilikaa barazani nikichana nyuzi za papa, nikisikia chuma kikigongwa mbali, ile rimu ya gurudumu iliyokuwa kengele yetu, na niliumia kweli. Nilitaka nisome asubuhi na mchana. Nilitaka niwe mwanafunzi mzima.

Sasa Mwalimu Anaclet. Kwetu, anayefundisha neno la Mungu anaitwa mwalimu, hata leo. Alikuja na mafundisho yake ya kujitoa, shati lake limepigwa pasi, sauti yake nzuri mno. Hata mama, ambaye hakumpenda, alikubali kwamba angeweza kumwita samaki akatoka majini. Ndani ya kanisa kulikuwa na ubao mweusi wa kuandikia namba za nyimbo. Kulikuwa na chaki. Kulikuwa na mabenchi, na fimbo ya kuonyeshea. Na alizungumza kila wakati juu ya wanafunzi: wanafunzi walifanya hivi, wanafunzi waliacha vile, Yesu aliwaambia wanafunzi wake. Niambieni, mtoto wa miaka saba, mwenye mwalimu, ubao, chaki na benchi mbele yake, afikiri nini? Mimi nilifikiri Yesu ana masomo yake, na kwamba siku moja yatafika Simi-Simi.

Jumapili moja alihubiri kuhusu wale wavuvi walioitwa kando ya ziwa. Alieleza jinsi walivyoacha nyavu palepale zikiwa na maji, bila kuuliza, bila kugeuka. Kisha akashuka, akatembea katikati ya mabenchi, akasema, "Yesu hataki mwanafunzi wa nusu. Anataka mwanafunzi mzima. Nani hapa amechoka kuwa wa nusu?"

Nilisimama kabla hajamaliza. Nilisimama juu ya benchi ili anione.

Watu walicheka. Alikuja mpaka usoni pangu. Aliniuliza kwa upole kama kweli ninataka kuwa mwanafunzi mzima wa Yesu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Na uko tayari kuacha nini?"

Hapa ninataka msome polepole. Mtoto akihama kutoka masomo haya kwenda yale, anaacha ya kwanza, si ndiyo? Nilijibu, "Naacha masomo yangu ya mchana."

Yeye akageukia watu, akainua mikono, akalirudia jibu langu kwa ile sauti yake. "Anaacha masomo yake!" Neno la mwisho hakulirudia.

Kanisa lilipasuka kwa vigelegele. Nilimwona papa kwenye benchi la wanaume, ameweka uso ndani ya mikono, mabega yakitetemeka, na nilijua analia kwa furaha kwa sababu nitasoma asubuhi.

Baada ya ibada nilimfuata mwalimu nje. Alikuwa amesimama na tonton Dieudonné, aliyekuwa mpiga ngoma wa kanisa na mtu wake wa karibu. Nilimvuta shati, nikauliza kengele italia saa ngapi, na kama sketi ya masomo ya Yesu iko buluu vilevile au rangi nyingine. Walitazamana. Tonton akacheka mpaka akashika magoti. "Mwalimu, anafikiri iko masomo ya kweli."

Anaclet hakucheka sana. Alinitazama kitambo, nami namkumbuka vizuri alivyonitazama, kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba. Kisha akasema, "Muache. Watu wameguswa. Usiharibu."

Akaniambia mimi nisiwe na haraka, nitaelezwa yote.

Jioni ya siku hiyo, jua bado liko, mama alikuwa anatwanga ndizi na muhogo kwa ajili ya lituma, na papa alikuja jikoni, mahali asipokuja kamwe. Alimweleza mama kwamba mwalimu amemwonyesha kosa lake. Ameifanya buletini kuwa mungu. Mtoto ameona kabla ya baba. Jumapili ijayo kila mtu ataleta kitu anachokipenda kupita vyote, kitachomwa, na yeye atatoa ile buletini, na kaye pamoja nayo. Mama aliendelea kutwanga. Aliposimama alisema neno moja tu, bila kupandisha sauti.

"Wale wavuvi waliacha nyavu zao wenyewe. Ninawajua wavuvi. Hakuna aliyeacha nyavu za mutoto."

Papa alisema mama hana imani. Mama alisema inawezekana, akashika mchi.

Nami nilisikiliza nyuma ya ukuta na sikuogopa hata kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kila kitu kwa akili yangu: vya zamani vinachomwa, vipya vinakuja. Donc, siku ya moto, nilicheka.

Jumatatu niliamka na majogoo, nikaoga, nikajipaka mafuta ya mawese miguuni, nikaenda kusimama mbele ya mlango wa kanisa. Nilisimama peke yangu. Ile rimu iligongwa mbali kwenye masomo ya zamani, nikawahurumia waliomo. Jua likapanda. Walipofika watoto wengine sita, ambao wazazi wao nao walikuwa wametoa kaye siku ile, tulipanga mstari sisi wenyewe, mrefu nyuma, mfupi mbele. Mwalimu Anaclet alikuja na majembe begani. Alitugawia. Alisema shamba la Bwana ndilo darasa letu, na muhogo wake ndio somo.

Tukiwa tunaelekea shambani, tulikutana na binti yake, Clarisse, soksi nyeupe, mkoba mgongoni. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Ku masomo."

"Weye hauko mwanafunzi wa Yesu?"

Alifikiri kidogo. Alikuwa mtoto mwema, simlaumu. "Papa amesema miye nitakuwa nikisha kumaliza."

Niligeuka kumtazama baba yake, na baba yake alikuwa anatazama majembe.

Sasa msifikiri nililia miaka yote minne niliyokaa kule. Sitaki kudanganya. Lile shamba lilikuwa mbali na nyumba na karibu na kijito, na sisi saba tuliimba mpaka ndege wa msituni walijua nyimbo zetu. Tulichoma mahindi. Msimu wa viwavi tulijaza makopo, tukala vikiwa na chumvi na pilipili, mikono ikinukia moshi mpaka kesho yake. Nilijifunza kujua mvua kwa harufu. Na niliomba. Hili ninyi wenzangu mliopitia vitu kama hivi mnaweza kulikataa, lakini mimi nalisema kama lilivyo: katika ule muhogo, nikiwa nimedanganywa, nilimpenda Yesu kweli, na naamini alikuwepo. Aliyenidanganya hakuwa yeye.

Kwa papa sikusema kitu. Nilijua nimekosea neno, nilikuwa nimeelewa baada ya siku chache tu, lakini papa alikuwa amebadilika. Aliacha pombe. Aliacha kumkemea mama. Aliwaambia wateja, "Mutoto wangu mwenyewe aliniongoza," na uso wake ulikuwa umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Ningemwambia nini? Kwamba wokovu wake wote umesimama juu ya zamu ya mchana? Nilinyamaza. Nilinyamaza nikiwa na miaka minane, na kumi, na ishirini, na arobaini.

Aliyenirudisha kwenye herufi ni Mama Feza. Huyu alikuwa shemasi, mjane, mtu wa Kivu, mfupi, mwenye sauti ya kiume na kikohozi cha tumbako. Siku ya moto, kila mtu alipoleta kitu anachokipenda, yeye alitupa kiko chake. Kiko cha udongo, na kifurushi chote cha tumbako. Kwa wiki mbili zilizofuata hakuna aliyeweza kuzungumza naye. Alinuna hata na kuku. Mama yangu alimuuliza kama Bwana amemjaza furaha, akajibu, "Bwana iko anangoja hasira ishuke, kisha ataingia."

Alikuwa na kazi ya kusimamia sisi watoto shambani. Mchana, tulipopumzika, alitoa kitabu cha nyimbo, akakifungua, akaimba huku akipitisha kidole chini ya mistari. Nilisogea. Niliona kidole kiko kwenye mstari wa tatu wakati mdomo uko kwenye wa kwanza. Nikamwambia.

Alifunga kitabu. Akatazama kama kuna mtu karibu. Kisha akaniambia kwamba hajui kusoma, hajawahi kujua, nyimbo zote mia na zaidi ziko kichwani, na kwamba nikimwambia mtu ataninyofoa sikio.

Ndivyo tulivyoanza. Yeye alikuwa na maneno, mimi nilikuwa na herufi chache zilizobaki. Aliimba mstari taratibu, neno kwa neno, nami nilitafuta hilo neno kwenye karatasi mpaka nilikamate. Nikikosa herufi, tulitafuta wimbo mwingine wenye neno lile lile, tukalinganisha, kama papa na nyuzi zake. Baada ya msimu mmoja wa mvua nilisoma wimbo ambao yeye hakuujua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kitabu, akaweka kidole chake kilichokatika ukucha chini ya neno la kwanza, akalisoma. Lilikuwa "Njoni." Alilisoma tena. Alilisoma kama mtu aliyepewa kitu moto mkononi, anakihamisha huku na huku.

Na ni yeye aliyenifundisha mwanafunzi mzima ni mtu wa namna gani, ingawa hakulieleza kamwe. Kando ya kijito alikaa Papa Kombozi, mzee mwenye ukoma, vidole vimekwisha, mdomo haujaisha. Kila siku, kabla ya kurudi, Mama Feza alimpelekea maji, akamuosha miguu, akamfunga vitambaa. Mimi nilibeba ndoo. Yule mzee hakushukuru hata mara moja. "Maji gani haya? Ya moto kama mkojo wa mbuzi."

"Mbuzi anakusalimia," Mama Feza alisema, akaendelea kufunga.

"Na weye unafunga vibaya. Mume wako alikufa juu ya kufungwa vibaya."

"Alikufa juu ya kusema sana. Nyoosha mguu."

Siku moja nilimuuliza kwa nini anakwenda kwa mtu anayemtukana. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini anapumua. Alisema, "Maji anataka, hapana?" Ndiyo mahubiri yote niliyopata kwake. Na nilimuuliza kama anajutia kiko. Akasema anajutia kila asubuhi, lakini kilikuwa kiko chake, kwa hiyo hakuna mwingine anayelipa kwa ajili ya imani yake. Halafu akanitazama mikono, mikono yangu ya mtoto yenye sugu za jembe, na tulirudi nyumbani bila kuimba.

Jumapili iliyofuata alisimama katikati ya ibada, akamuuliza Mwalimu Anaclet mbele ya wote Clarisse ataanza lini shambani. Mwalimu alisema swali hilo ni la shetani. Mama Feza alisema, bon, basi shetani naye angoje jibu. Wiki hiyo hiyo alivuliwa ushemasi. Hakuhama kanisa. Alikaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti kuliko wote, na aliendelea kunipokea na kitabu chake nyumbani kwake mpaka homa ilipomchukua. Kitabu alinipa. Ninacho.

Shamba liliisha siku Anaclet alipoitwa kanisa kubwa la mjini. Hakutuaga. Majembe yalibaki. Mama alinishika mkono akanipeleka kwenye masomo ya zamani, na direkta, mkuu wa masomo, akanisimamisha kando ya benchi la darasa la pili. Magoti yangu yaligonga chini ya meza. Watoto wakacheka. Direkta, ambaye miaka minne haikumjia kuuliza watoto saba wamekwenda wapi, alisema huyu ni mkubwa sasa, afundishwe kushona. Nikafundishwa kushona. Nashona mpaka leo, na mafundo ya papa ninayajua. Katika wale saba, vita vilichukua wawili, magonjwa yalichukua watatu. Tumebaki mimi na mwanamume mmoja wa Lubunga, ng'ambo ya mto. Tukikutana sokoni tunasalimiana kwa majina tuliyokuwa tukiyapa mashina ya muhogo, na tunacheka.

Mimi niko sawa. Nasema kweli. Ninakula, ninalala, nina wateja, Jumapili ninasoma Neno mbele ya watu katika kanisa letu dogo, miwani puani, na hakuna anayejua kwamba nilifundishwa na mtu asiyejua kusoma. Ningekufa bila kuandika haya.

Lakini mwaka huu papa amelala. Kwenye matanga, Anaclet alikuja. Sasa wanamwita askofu. Ana fimbo nzuri, ana kijana wa kumshikia mwavuli, na Dieudonné, tonton yangu, mzee asiye na meno, alimfungulia mlango wa gari. Alisimama kando ya jeneza, na sauti bado iko, nawaambia, sauti haijazeeka. Aliwahadithia watu kuhusu moto. Alisema huyu mzee alitoa hata kaye za mtoto wake, na mtoto mwenyewe, kwa hiari yake, ndiye aliyeomba. Alisema huo ndio moyo mzima. Watu wakasema amina. Mama, kwenye mkeka, alifunika uso kwa kitenge.

Mimi nilikuwa nje kwenye masufuria, mikono imejaa lituma. Sikusema. Hapakuwa mahali pake, papa alikuwa bado juu ya ardhi. Ila alipotoka nilimfuata kwenye gari, nikamuuliza polepole kama anakumbuka nilivyosema siku ile, neno lote. Alinishika bega. "Mwanafunzi wangu," alisema, "ulisema kwa mdomo wako mwenyewe. Watu wote walisikia." Dieudonné alitazama viatu vyake.

Alors, papa amezikwa, na hakuna tena moyo ninaoogopa kuuvunja. Mwalimu Anaclet, sikuiti askofu, unajua kusoma, na haya yatakufikia. Sitaki unirudishie kitu. Nataka jibu. Simama Jumapili katika hilo kanisa lako kubwa, mbele ya hao wanaokuitikia amina, na Dieudonné asimame kando yako, mseme yule mtoto alisema maneno mangapi na ni nani aliyeyapunguza. Mseme mlijua tangu saa gani. Kisha wewe, peke yako, utaje kitu kimoja kilichokuwa chako ulichokitupa katika moto ule. Kimoja tu, hata kidogo, hata kifungo cha shati. Nitakaa benchi la mbele, na mama yangu nitakuja naye. Nisiposikia vizuri nitakuomba urudie, na safari hii urudie yote.